Rafiki Yangu Anataka Kuruka Baharini kwa Kanuni Nisizozijua

Bi Mwanaima mpendwa,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba unistahi, usicheke mpaka ufike chini. Jambo nililolificha ni hili: mimi sizijui kanuni za mashindano. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa mwamuzi, mfasiri na mufti wa kanuni hizo, watu wazima wenye wajukuu wamenijia na maswali nami nikawajibu nikiwa nimefumba macho kidogo, kama mtu anayekumbuka ukurasa, na ukurasa wenyewe sikuuelewa tangu siku ya kwanza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Mjambere, Kisauni, nilisomesha jiografia na hesabu miaka mingi hata watu wakalisahau jina langu wakabaki na Maalim. Sasa ni mgonjwa wa moyo. Daktari ameniruhusu nile chochote ninachokipenda, nawe ni mtu mzima, unajua daktari akifikia kusema hivyo ana maana gani. Kwa hiyo sina nafasi ya kulizungusha jambo, ingawa utaona nitalizungusha.

Tuna klabu yetu, wazee wachache, tunarusha ndege zisizo na injini. Najua unavyofikiri. Mke wangu, Mungu amrehemu, alifikiri hivyo hivyo na alisema kwa sauti. Mzungu mmoja aliyekuwa akikaa Bamburi alitufundisha zamani, na alipohama akatuachia ndege mbili za mbao na kitambaa, pamoja na winchi yake, ambayo ni injini ya lori inayokunja waya mrefu. Waya unaivuta ndege mpaka juu, rubani anauachia, kisha anatafuta hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye machimbo ya zamani, anaizunguka kama mwewe nayo inampandisha. Hewa hiyo sisi tunaiita ngazi. Ukipata ngazi unakwenda, ukiikosa unashuka popote pale palipo chini yako, na mwenye shamba pale mtajuana siku hiyo.

Tuliishi hivyo kwa amani mpaka alipokuja Mjerumani mmoja, mgeni wa hoteli ya Nyali, akatuona, akafurahi kupita kiasi, akatuambia kuna mashindano ya marubani kama sisi dunia nzima ambayo hayana uwanja wala siku maalumu, kila mtu anaruka kwao na kupeleka habari za safari yake kwa kompyuta, kwa hiyo intaneti, na wenyewe huko Ulaya wanampa alama na kumpanga na wenzake. Akatuachia kurasa za kanuni kwa Kiingereza, akarudi kwao akiwa na rangi ya kamba aliyechemshwa, na amani yetu akaondoka nayo.

Bi Mwanaima, kila neno katika kurasa zile nililijua. Yalipokaa pamoja ndipo tulipopotezana. Palikuwa na habari ya kugawanya masafa kwa namba ya ndege ili ndege kongwe isidhulumiwe na ndege mpya, palikuwa na pembe na mizunguko, palikuwa na kuondoa hiki endapo kile kimezidi kingine. Shee, rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, fundi wa meli aliyestaafu bandarini, akaniuliza mbele ya wote, "Maalim, umeelewa?" Nami niliwasomesha watoto wa watu wale. Nikasema, "Ni wazi kabisa."

Basi ikawa kila Jumatatu nakusanya habari za safari zetu, nakwenda nazo Nyali kwenye duka la kompyuta la binti mmoja wa bara aitwaye Dorcas, na nikirudi naandika ubaoni, pale bandani petu, alama zilizokuja. Hapo ndipo elimu ilipoanza. Siku ya kwanza Shee alikuwa amekwenda mbali kuliko wote, naye Kalama, bwana shamba mstaafu ambaye huruka kwa kusinzia, alikuwa amekwenda mpaka hapo tu akashuka. Alama zikaja Kalama amemshinda Shee.

"Yakhe, hii ni kwa lipi?" akauliza Shee.

"Kwa kutua," akasema Kalama. "Mie nilitua vizuri."

"Ulitua kwenye mihogo ya Mwanatatu!"

"Basi labda mihogo ina alama."

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha kwa watu wenye kiu ya ushindi ni mbegu, na Jumamosi iliyofuata ndege zote mbili zilitua kwenye mihogo ya Mwanatatu. Mwanatatu akatoka na jembe. "Nyie wazee! Mbingu yote hiyo mmepewa, bado mnalitaka shamba langu?" Kalama akamwamkia vizuri, akamweleza kwamba ni mambo ya kimataifa.

Jumatatu mihogo haikuleta kitu. Wakaamua basi ni uzito, Kalama akafunga swaumu ya sunna siku tatu, akajipatia thawabu lakini alama hakupata. Wakaamua ni ukongwe wa ndege. Shee akasema ikiwa ndege kongwe inapewa fidia, basi yetu izidi kuzeeka, akashinda siku nzima anaikwangua rangi kwa msasa ili ionekane imekula chumvi nyingi, kana kwamba wale wa Ulaya wana darubini. "Na rubani je?" akauliza Kalama. "Kama ni uzee, Maalim apewe alama kila anapoamka." Wakacheka wote, nami nikacheka, na walipomaliza wakanigeukia na kuniuliza, Maalim, kanuni yasemaje kuhusu rangi? Nikasema rangi imetajwa, lakini si kwa uwazi. Mungu na anisamehe, nililisema hilo huku nikinywa kahawa yao.

Sasa nifike penyewe. Siku moja Shee alikosa ngazi upande wa bara, ikambidi arudi kwa kupitia ufukweni Nyali, akatoka kidogo juu ya maji kisha akaja kutua. Jumatatu ile alama zake zikaja mia tisa, ambazo hazijapata kuonekana ubaoni petu. Tangu hapo Shee hana usingizi. Maji yana alama, anasema, na kama maji kidogo yana mia tisa, je, maji mengi? Ameshaamua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu ataruka kutoka hapa mpaka Likoni na kurudi, na si kwa kupita juu ya nchi kavu kama mtu mwenye watoto, ila nje kabisa, ng'ambo ya mwamba unaoyavunja mawimbi, juu ya bahari kuu.

Baharini hakuna ngazi. Mawe ya machimbo yanapata moto na kuipandisha hewa, maji hayafanyi hivyo, na hili hata Kalama analijua akiwa usingizini. Ndege ile ikishashuka huko haina pa kutua, na haina injini ya kuirudisha. Shee ana miaka sabini na moja na hajui kuogelea. Amefanya kazi bandarini umri wake wote bila kujifunza kuogelea, kwa maelezo yake, kwa sababu meli alizozitengeneza yeye hazikuzama.

Kalama alijaribu. "Shee ndugu yangu, maji hayana ngazi."

"Yana alama."

"Utazikusanya kwa wavu?"

Ndipo wakaja wote wawili mpaka kitandani kwangu. Kalama akasema, "Maalim, sema wewe. Maji yana alama au hayana?" Nikamtazama Shee, macho yake yanang'aa kama ya mtoto siku ya Idi, nikasema suala hilo lina kauli mbili. Kisha nikakohoa. Kikohozi ni ngome kubwa ya mgonjwa. Wakaniombea dua wakaondoka.

Mshauri wangu, nikisema sijui, nitakufa nikiwa kichekesho. Binti yangu Mastura atapokea rambirambi za watu wanaojiuma midomo wasicheke, na badala ya kusema hapa alilala mwalimu watasema hapa alilala yule wa mihogo. Nikinyamaza, Shee ataruka. Pengine atarudi salama, upepo una rehema zake. Niseme, au nimwachie Mungu?

Maalim, Mjambere

*

Maalim,

Moyo wako nimeupa pole. Sasa niache niseme nawe mwenyewe.

Umechukua mizani, upande mmoja ukaweka rafiki yako wa tangu chuoni akizama na ndege ya kitambaa, upande wa pili ukaweka watu wa Mjambere wakijiuma midomo, kisha ukaniletea mimi nikusomee upi mzito. Na wewe ndiye uliyesomesha hesabu! Watoto wale nawaonea huruma.

Unauliza umwachie Mungu. Mungu si yeye aliyeshika kurasa zile mbele ya Shee na kusema ni wazi kabisa. Usimpelekee kazi uliyoianza wewe.

Unaogopa watacheka matangani. Maalim, umekaa matanga mangapi? Hujapata kukaa nyuma, karibu na masufuria, ukasikia wanavyocheka? Watu wakimpenda marehemu ndipo wanapocheka sana. Wasiyempenda wanamsifu, kisha wanauliza wali umeiva. Mihogo ya Mwanatatu itakupatia rehema nyingi kuliko jiografia yako yote. Lakini Shee akiwa chini ya bahari, hakuna atakayeicheka tena mihogo ile, nawe kama utakuwa hai hutaweza kumtazama hata huyo Kalama mwenye kusinzia.

Sina haja ya kukuuliza kama unamjali Shee. Mtu asiyemjali mwenzake haandiki barua ndefu hivi akiwa kitandani. Ila kuna kitu kinaniwasha, na mimi kikiniwasha hukikuna hadharani. Katika barua yako kila mtu anafanya jambo lake. Shee anakwangua, Kalama anafunga, Mwanatatu anatoka na jembe. Alama peke yake ndizo "zinakuja". Zinatoka wapi hata zije? Unakwenda Nyali Jumatatu, unarudi nazo Jumatatu hiyo hiyo, na barua yako kutoka Kisauni hadi mezani kwangu ilichukua siku nne na kuvuka daraja moja tu. Mimi si rubani na kompyuta naionea mbali. Lakini nimesoma barua nyingi za waume wanaoniandikia kwamba "ilitokea", na najua jambo likikosa mwenyewe, mwenyewe yuko nyuma ya mlango anachungulia. Sikulazimishi. Nakwambia tu nimeuona mguu.

Fanya hivi. Kwanza, usingoje gazeti. Jibu hili nimelituma kwa mkono wa wakala wetu wa Kisauni, nalo litachapwa baadaye kwa faida ya wengine wenye kukohoa. Pili, leo hii mwite Kalama aufungue waya wa winchi, wote, aulete uwekwe chini ya kitanda chako. Bila waya Shee ni mzee aliyekaa ndani ya sanduku la mbao uwanjani, na hilo halijamuua mtu. Tatu, mwite Shee mwenyewe. Usimtume Kalama aseme badala yako, usimwandikie, wala usimngoje Mastura akuandalie njia. Nne, usimwambie kuna kauli mbili. Sema sijui. Ni neno fupi, hata mwenye moyo mbovu pumzi zake zinalitosha. Na kama sijui haitamtosha Shee, basi mpe kilichobaki, chochote kile, mpaka ashuke kutoka huko juu alikopanda kwa maneno yako.

Na ukitaka kukohoa, kohoa ukishamaliza.

Bi Mwanaima

*

Bi Mwanaima,

Waya upo chini ya kitanda changu na Mastura amejikwaa juu yake mara mbili. Ndege ipo bandani. Jumamosi imepita na Shee yu hai, ingawa anawaeleza watu wote wa Mjambere kwamba anayestahili kutupwa ng'ambo ya mwamba ni mimi. Umesema jibu lako litachapwa. Basi na hili lichapwe chini yake, kwa sababu wewe ulikwisha kuuona mguu.

Nilimwita Shee peke yake, alasiri, Mastura akatuwekea kahawa akaondoka. Nikasema kama ulivyonifundisha. "Shee, zile kanuni sizijui. Sikuzijua tangu siku ya kwanza."

Nilitazamia mbingu ianguke. Shee akamimina kahawa.

"Maalim, hilo tunalijua sote," akasema. "Kalama alilijua kabla yangu. Ulipotwambia rangi imetajwa si kwa uwazi, tulikwenda nyuma ya banda tukacheka hata tukakaa chini."

"Mlijua? Na mkaniuliza mwaka mzima?"

"Tungefanyaje, sheikh? Wewe ni Maalim wetu. Ungekwenda kujificha wapi na uso wako?" Akanywa. "Kanuni tuliziacha zamani. Sisi tunazisoma alama zenyewe. Wewe waweza kukosea, hiyo ni haki yako, una umri. Lakini alama zinatoka Ulaya, na zile hazimjui Shee wala Kalama, hazina upendeleo. Na juu ya maji zilikuja mia tisa. Maji yana alama, Maalim. Waya uweke chini ya kitanda upendapo, bandarini zipo nyaya za kufunga meli."

Nikamwambia bahari itamuua. Akasema anajua, ila angalau mara moja kabla ya kufa ataonekana na dunia nzima, jina lake liandikwe huko juu mahali wanapolisoma watu wa nchi zote, Shee wa Kisauni, na masafa yake mbele. Hakusema kwa kujigamba. Alisema taratibu, anakitazama kikombe.

Kikohozi kikaja, wallahi sikukiita. Shee akaningoja hadi kikaisha.

"Basi niambie," akasema, "ile mia tisa, kama si maji, ilitoka wapi?"

Nikamwambia kwamba dukani kwa Dorcas niliingia mara moja tu. Binti yule aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akauliza kama nina anwani ya barua pepe. Nikamtajia sanduku la posta la msikiti. Hakucheka. Akaanza kunieleza pole pole kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wazito darasani, nikaijua ile sauti, nikasema nimesahau miwani, nikatoka. Miwani nilikuwa nimeivaa. Jumatatu zote zilizofuata nilikaa kwenye benchi nje ya duka mpaka wakati wa kurudi, na nikirudi yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuufuta ubao vumbi, wamekaa, wananingoja.

Shee akakiweka kikombe chini. "Maalim. Ilitoka wapi?"

"Sijatuma safari hata moja, Shee," nikasema. "Huko Ulaya hawajui kwamba tupo. Ile mia tisa nilikupa mimi, kwa sababu wiki ile ulikuwa umetoka kumzika dada yako."